Kishungi, Mbuzi wa Shogi, na Fungu la Wenyewe

Hapo zamani za kale, enzi ambazo mbuzi hajajua mlango wa binadamu wala binadamu hajajua harufu ya mbuzi, Chui alikuwa na nyumba yake chini ya mlima. Nyumba ya haja: ukumbi wa kukaa wageni, jiko la kuni, na uani zizi la miiba. Mlima wenyewe una jina, ila jina hilo halitajwi ovyo, na mimi sina haja ya kulitaja leo. Aliye karibu na mlango aurudishe, halafu mkae.

Ndani ya zizi lile Chui alifuga mbuzi. Msiniulize chui anafugaje mbuzi. Paka wenu analala jikoni na vifaranga, kila asubuhi kifaranga mmoja haonekani, na sijawahi kusikia mkiuliza.

Mdogo kuliko mbuzi wote aliitwa Kishungi, kwa kile kijinywele kilichomsimama utosini kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Alikuwa mwembamba, miguu kama vijiti vya kuchokolea meno, lakini masikio, aah! Masikio alipewa ya watu wawili.

Siku moja alikuwa akitafuna nyasi za paa la jiko, akamsikia Chui ndani akizungumza na shemeji yake, Fisi.

"Shemeji," alisema Chui, "harusi ya binti yangu imekaribia, na bondeni hakuna kitoweo. Hata panya wa kusingizia hakuna. Tumewamaliza."

"Tumewamaliza?" Fisi akaguna. "Mimi niliachiwa mifupa."

"Wamekimbilia juu, kwenye mianzi. Pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, wamejaa kule, wanene, wanapumua kwa shida. Kuua si kazi. Kazi ni kuteremsha. Mara ya mwisho niliburuta paja moja mpaka kiuno kikalia ka!"

"Sasa tutafanyaje?"

"Tuwatwike mbuzi. Watapanda na vikapu vitupu, watashuka na nyama ya pofu. Tukifika nyumbani, pofu tunampikia pilau."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi ndafu. Wazima wazima, na limau mdomoni."

Fisi akameza mate, gubu! "Nyama inayobeba nyama! Shemeji, hicho kichwa chako ungeniazima hata siku moja."

Kishungi alikuwa na nyasi mdomoni. Hazikushuka wala hazikutoka.

Akarudi zizini mbio, akawaambia wenzake. Kaka yake mkubwa, Mapembe, akamcheka. Mapembe alikuwa na shingo nene na ndani ya kichwa nafasi ya kutosha.

"Wivu huo," alisema Mapembe. "Bwana Chui ameniambia mimi ndiye nitakuwa mchukuzi mkuu. Ameninyoshea mkono, akanishika paja."

"Alikushika paja, kaka? Alilibonyeza?"

"Alilibonyeza. Akasema, 'Safi.'"

Shangazi Mabaka, mbuzi mzee kuliko wote, akaacha kucheua. "Mwanangu Mapembe, anayekupenda hukushika bega. Anayekushika paja anakupimia sufuria."

Mbuzi wakalitazama zizi lao. Miiba ilikuwa mirefu, na mlango ulikomewa kwa gogo.

"Hapa hatutoki," alisema Kishungi. "Lakini kule juu hakuna zizi. Waacheni watutwike."

Kesho yake kazi ikaanza. Chui alileta shogi, vile vikapu viwili vya kutandikwa mnyama mgongoni, kimoja huku na kimoja huku. Yeye, kwa akili zake, akajaza mawe upande mmoja tu, kuona kama mbuzi ana nguvu. Mapembe akapiga hatua mbili, puu! Miguu juu.

Wakamfunga kamba shingoni, Chui akavuta. Mbuzi akachimbia kwato ardhini. Fisi akaenda nyuma kusukuma. Mbuzi akakaa chini, tena akamkalia Fisi mguu.

"Yalaa! Mbuzi hawa hawana adabu!"

Kishungi akasogea, kichwa chini. "Bwana Mkubwa, nikisema nitapigwa?"

"Sema. Ukisema upuuzi ndipo utapigwa."

"Mbuzi havutwi, Bwana Mkubwa, wala hasukumwi. Mbuzi hufuata. Kwanza tuvishe shogi tupu tutembee nazo hapa uani, tuzoee kitu kugusa mbavu. Halafu tia majani. Halafu ndiyo utie mawe, na kabla hujapandisha, nyanyua kikapu hiki na hiki, uone vinalingana. Kimoja kikilemea, matandiko yanazunguka na mzigo unakwenda tumboni. Wala usitujaze kama punda. Mbuzi akizidishiwa analala, na akilala umemkosa."

Chui akajaribu. Kweli, mbuzi wakaenda, ko-ko-ko, wanachuma jani huku wanatembea, kama watu wanaokwenda sokoni.

"Na njiani," alisema Kishungi, "nyinyi wakubwa mtangulie wote wawili. Msigeuke kututazama. Macho yako, Bwana Mkubwa, na heshima zote, ni macho ya kuvunja magoti. Ukigeuka tu, tunasimama."

"Ebo!" Fisi akaruka. "Tusigeuke? Tutajuaje kama mpo?"

"Tufungeni kengele, mzee wangu. Kila mmoja yake. Kengele zikitembea, tunatembea. Zikitulia mahali pamoja, tumeona jani tamu. Nyinyi songeni polepole tu, tutawafikia. Ila kamba iwe ya mgomba, ile laini. Ya katani inachubua shingo, na shingo iliyochubuka haipandi mlima."

Chui akafurahi, akampiga kibegani. Siku zile akawa anajisifu kwa majirani kwamba anafunza mbuzi. Haya. Mwenye akili ajue nani alikuwa akifunzwa.

Wakapanda. Chui mbele, Fisi akamfuata, kisha mbuzi mstari mmoja na kengele zao, kolong', kolong', kolong', na wa mwisho kabisa Kishungi. Walipofika kwenye kijito kinachotenganisha bonde na mlima, Chui akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Kishungi hakuwahi kumsikia Chui akiwa na sauti ndogo.

"Sikilizeni. Mlima huu una Wenyewe. Mnyama wa kwanza tutakayemuua, ini lake ni fungu lao, tunaliweka juu ya jiwe. Tukishaliweka, hakuna kugeuka nyuma mpaka tuvuke tena maji haya. Atakayegeuka, shauri yake."

"Hao Wenyewe ni nani, Bwana Mkubwa?" aliuliza Shangazi Mabaka.

Chui akatazama makucha yake. "Ni wenyewe," alisema, akaingia majini.

Ng'ambo ya kijito jua lilibaki, lakini halikuwa na joto. Ukungu ulikaa chini ya miti mchana kweupe, haupandi wala haushuki, kama mtu anayesubiri jibu. Ndege hakuna. Hata inzi, ambaye hana mahali asipokwenda, hakuna. Majani yaliyooza yalikuwa mazito chini, kwato hazikutoa sauti. Zilisikika kengele tu.

Fisi hakuweza kuvumilia. Kuna watu kimya kinawawasha kama upele. Akaita kwa nguvu, "Shemejiii!" ingawa shemeji mwenyewe alikuwa mbele yake hapo.

Sauti ikaenda. Ikakaa huko. Walipokwisha kuisahau, ikarudi kwa nyuma, kwenye njia waliyotoka: "Shemejiii."

Ilikuwa sauti ya Fisi, hiyo hiyo, na mikwaruzo yake. Ila haikuwa na kicheko ndani.

"Mwangwi," alisema Fisi.

Chui akakaza mwendo.

Juu, ilikoishia mianzi, wakamkuta pofu, na Chui akafanya kazi yake. Wakapasua, wakapima vikapu hiki na hiki kama walivyofunzwa, wakatwika. Ini Chui akalibeba mwenyewe kwa mikono miwili mpaka kwenye jiwe, jiwe pana kama meza. Kishungi akaona mifupa imelizunguka jiwe lile. Ilikuwa mifupa safi, imepangwa kwa ukubwa, mdogo kwanza, mkubwa mwisho, kama vyombo kwenye kabati la mke mwenye nidhamu. Fisi yeyote huvunja mfupa. Hii haikuvunjwa hata mmoja.

Chui akaweka ini, akageuka, akaondoka bila neno. Fisi akajifanya anatoa mwiba mguuni.

Kishungi alimwona. Fisi alinyoosha shingo, akalinyakua lile ini, akalisukumia ndani ya shogi ya Kishungi, upande wa kushoto, chini ya nyama.

"Mzee! Hilo ni la Wenyewe!"

"Nyamaza, kishuzi wewe. Ini zima likaoze juu ya jiwe na mimi nina tumbo? Tukivuka kijito utanipa. Ukifungua mdomo, sitasubiri harusi."

Akamkimbilia Chui mbele. Na Kishungi akabaki wa mwisho kwenye mstari, na ini la watu mbavuni.

Hawakufika mbali, akahisi kikapu cha kushoto kinalemea. Vilikuwa vimepimwa! Akajitikisa, akakaza mwendo. Kikalemea tena. Lile ini lilikuwa likiongezeka uzito, hatua kwa hatua, kama mtoto aliyelala mgongoni.

Kisha akasikia nyuma yake: chwa... chwa... chwa...

Kitu kilikuwa kikikanyaga majani yaliyolowa. Akisimama, kinasimama. Akienda, kinakwenda. Nyuma ya Kishungi hapakuwa na mbuzi mwingine.

Shingo ilimwasha kugeuka. Wallahi ilimwasha. Hakugeuka.

Ukungu ukazidi, mpaka Chui na Fisi wakawa sauti tu huko mbele. Wakafika panda, mahali njia moja inapoteremka kushoto, kuelekea upande wa pili wa mlima, kwenye moshi wa binadamu. Hapo ndipo mbuzi walipokuwa wamepatana kutorokea. Mmoja mmoja akapunguza mwendo, akamsubiri Kishungi, akainamisha shingo. Kishungi akakata kamba ya mgomba kwa meno, tap! akaitundika kengele kwenye vijipembe vyake huku akikanyaga palepale zisinyamaze, na mwenzake akaishika njia ya kushoto.

Mapembe, aliyekuwa akijisifu kwa shingo, alitoa kengele yake. "Mdogo wangu, na wewe?"

"Kengele zikinyamaza kabisa Chui atajua hatupo, na Chui hukimbia kuliko sote. Lazima mtu abaki azipige. Nenda, kaka. Mfike kwa binadamu na hiyo nyama mgongoni. Mkono mtupu haulambwi."

Wa mwisho alikuwa Shangazi Mabaka. Huyu alisimama akimwelekea Kishungi, uso kwa uso. Akafungua mdomo amuage. Macho yake yakapita juu ya bega la Kishungi, yakatua nyuma yake. Mdomo ukabaki wazi.

"Shangazi, usiseme."

"Sisemi," alisema Shangazi Mabaka. Ndevu zake zilikuwa zikicheza zenyewe. Akainamisha shingo, akatoa kengele, akaenda zake. Hata baraka hakutoa, na alikuwa mwanamke wa baraka nyingi.

Kishungi akabaki peke yake, na kengele zote, kolong'-kolong'-kolong', na wakubwa wawili mbele, na kile kilichokuwa nyuma.

"Mpo?" aliita Fisi kutoka kwenye ukungu.

"Tupo!" alijibu Kishungi kwa sauti nzito ya Mapembe. "Tupo, baba," alisema tena kwa sauti iliyopasuka, ya Shangazi. "Na mimi nipo!" kwa yake mwenyewe.

"Tupo," ikasema sauti nyingine, karibu kabisa na mkia wake.

Nywele za Kishungi zilisimama zote, si kishungi tu. Kikapu cha kushoto kilikuwa sasa kinagusa ardhi, matandiko yamezunguka, kamba inambana mbavu. Hatua chache zaidi angeanguka, na angeanguka kifudifudi au chali? Akianguka chali, atakiona.

Akasimama chini ya mwanzi ulioinama njiani. Akafumba macho. Mdomo wake ulikuwa mkavu kama kapi la mahindi, lakini ndio silaha pekee aliyopewa na Mungu.

"Shikamooni, wakubwa," alisema.

Kitu kikamsogelea. Pumzi tu, pumzi ya baridi, inanusa shogi.

"Najua mlichofuata. Kimo humu, na mimi sikukichukua. Mimi ni mchukuzi. Mchukuzi hana mzigo, ana mgongo tu. Mwenye mzigo yuko mbele, ana madoa na mdomo unanuka, naye ameniambia nikamkabidhi ng'ambo ya kijito. Sasa mimi nimechoka. Nawaachieni. Mpelekeeni nyinyi."

Pumzi ikasimama.

"Lakini yeye na mwenzake hawapokei mtu asiye na kengele. Nimewafunza hivyo. Kwa hiyo kengele ndizo hizi."

Akainamisha kichwa, akazitundika zote kwenye tawi la mwanzi. Akapiga magoti upande wa kushoto, na yale matandiko, kwa kuwa mzigo ulikuwa umekwisha kuyazungusha, yakateleza yenyewe chini ya tumbo, yakamtoka, chub! Mbuzi aliyefungiwa mzigo sawasawa asingetoka. Wizi wa Fisi ndio uliomfungulia.

Akatoka njiani bado amefumba macho, akapapasa kwa pua mpaka kwenye mizizi ya mti, akajibanza.

Kimya.

"Zimenyamaza!" Ilikuwa sauti ya Fisi, mbali kidogo. "Shemeji, kengele zimenyamaza!"

"Wameona jani," alisema Chui. "Kile kidogo kilitueleza. Songa, usigeuke. Maji yako hapo mbele."

Kishungi akahesabu pumzi zake mwenyewe. Hakuna upepo uliovuma, mwanzi haukutikisika. Kisha kengele zikatoka kwenye mwanzi.

Kolong'. Kolong'. Kolong'. Zikapita karibu naye, zikaingia njiani, zikashika mwendo. Mwendo wa mbuzi kabisa, mbuzi wengi, mmoja nyuma ya mwingine.

"Aah, hao wanakuja," alisema Fisi, akacheka kwa faraja. "Kishungi! Upo?"

"Nipo," ikajibu sauti huko njiani.

Ilikuwa sauti ya Kishungi. Kishungi akaweka kwato mdomoni, kuhakikisha mdomo umefungwa. Ulikuwa umefungwa.

"Na kile kitu changu kipo?" Fisi alinong'ona, lakini ukungu unabeba minong'ono kuliko kelele.

"Kipo."

"Basi kaza mwendo, mwanangu. Tukivuka tu, unanipa."

"Nakuja," ilisema sauti ya Kishungi. "Nakuja. Nakuja."

Kisha yakasikika maji, watu wanavuka: chubwi, chubwi. Kengele nazo zikavuka. Hapo, wajukuu zangu, ni ng'ambo. Hapo ruhusa ya kugeuka ipo.

Wakageuka.

Kishungi hakungoja kusikia. Alikimbia njia ya kushoto, akidondoka na kuinuka, mpaka moshi wa binadamu ukamwingia puani. Akawakuta wenzake wamesimama mbele ya boma, nyama ya pofu mgongoni, na bibi mmoja wa pale, mkali kama pilipili, amefungua lango anawatazama.

"Mnataka nini?"

"Mlango unaofungwa kwa ndani," alisema Kishungi.

Bibi akaitazama nyama, akamtazama Kishungi. "Ingieni. Lakini mimi ni binadamu, msije mkasema sikuwaambia."

Na ndiyo, binadamu naye hula mbuzi. Nani kawaambia hadithi hii ni ya kubembeleza mtu? Ila binadamu humpa mbuzi chumvi na jina kwanza, na usiku huwasha moto. Mbuzi wakakaa.

Harusi ya binti wa Chui ililiwa kwa mchicha. Chui alichokiona pale kijitoni hajamwambia mtu, hata mkewe. Lakini tangu siku ile, akiua mnyama hali chini. Humpandisha mtini, akakaa na mgongo kwenye shina, ili nyuma yake pasiwe na nafasi ya mtu. Fisi ndiye aliyekuwa msemaji, na angekuwa bado anajua kusema angesema. Siku ile maneno yalimtoka yote, kikabaki kicheko, tena si cha furaha. Na mtazameni anavyotembea: matako chini kama anayetaka kukimbia, shingo inageuka, inageuka, inageuka.

Na mbuzi je? Mchunguzeni zizini, siku ya ukungu. Ghafla ataacha kucheua, ataelekeza sikio nyuma, na shingo haigeuzi. Hapo na nyinyi msigeuke. Kamalizieni uji wenu.

Hadithi imevuka kijito. Aliyebaki ng'ambo akae na hili: usimfanye mchukuzi wako kitoweo, maana yeye ndiye anayetembea nyuma yako.